MHASIBU TUMCHAGUE KWA KAZI, SIYO KWA TAI

TAHARIRI

Ndugu wanachama, na ninyi ndugu wengine mnaosimama hapa ubaoni mkitoka sokoni,

Wiki hizi maneno ni mengi juu ya ajenda moja ya mkutano mkuu ujao: nani atutengenezee mahesabu ya chama chetu. Wako wanaosema tuchukue ofisi ya mjini yenye vioo na feni. Wako wanaosema tumpe kijana wetu aliyemaliza chuo juzi, manake ni mtoto wa nyumbani. Na wako wanaosema ya nini yote haya, daftari la mweka hazina linatosha.

Siyo chama peke yake. Mwenye mashine ya kusaga anauliza hivyo hivyo. Mwenye duka la pembejeo anauliza. Hata mama muuza maandazi aliyechukua namba ya mlipakodi anauliza: mimi nimwendee nani, na nimlipe shilingi ngapi?

Ni swali zuri, na halifai kujibiwa kwa kelele. Fedha inayozungumzwa hapa ni jasho letu la mahindi, ufuta, soya na mbaazi. Ukikosea kuchagua fundi wa baiskeli, utatembea kwa miguu siku mbili. Ukikosea kuchagua mtu wa mahesabu, unaweza kukaa miaka miwili hujui kama umepata au umekula mtaji. Hivyo basi, tuelewane kabla ya mkutano.

JAMBO HILI SIYO GENI KWETU

Ushirika katika Songea ni wa zamani. Babu zetu waliuza tumbaku kupitia chama cha Ngoni-Matengo tangu miaka ya 1930. Walijua kulima, walijua kukausha tumbaku kwa moshi. Mahesabu yalishikwa na wachache.

Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima. Kamati ilikuta watumishi wasio waaminifu, ilikuta watumishi wachache wenye ujuzi, na ilikuta wanachama wasiojua chama chao kinaendeshwaje. Miaka kumi baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kazi ikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria ikarudisha ushirika. Mwaka huo huo likaanzishwa kwa sheria shirika la kukagua na kusimamia hesabu za vyama, ambalo tunaliita COASCO. Mnaona wenyewe: ushirika uliporudi, mkaguzi naye alikuja. Watu walikuwa wamejifunza kwamba chama bila mkaguzi ni kama ghala bila mlango.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza: na daftari bila mtu wa kulisoma ni karatasi ya kufungia karanga.

KWANZA TUJUE TUNATAFUTA NANI

Kosa la wengi ni kuita kila mtu mwenye kalamu "mhasibu". Kazi ziko nne, na kila moja ina mtu wake.

1. Mtunza vitabu. Huyu anaandika kila siku: kimeingia nini, kimetoka nini, nani anadaiwa. Si lazima awe na shahada. Ni lazima awe mwaminifu, awe na mwandiko unaosomeka, na asiweke kiporo. Risiti ya leo iandikwe leo.

2. Mhasibu. Huyu anachukua vitabu vya mwaka mzima anavipanga, anakuonyesha umepata faida au hasara, una mali kiasi gani na una madeni kiasi gani. Huyu awe amesomea, na awe ameandikishwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA. Bodi hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, kwa hiyo hakuna wa kusema hajaisikia.

3. Mkaguzi wa hesabu. Huyu hatengenezi hesabu. Anakuja kuangalia zilizotengenezwa na wengine, anahesabu magunia, anadai risiti, halafu anasema mbele ya wanachama kama hesabu zinaaminika. Mhasibu wa kawaida haruhusiwi kufanya kazi hii kwa sababu tu ana cheti. Ni lazima awe na kibali cha Bodi cha kufanya kazi ya ukaguzi kwa umma.

4. Mshauri wa kodi. Huyu anakusaidia mambo ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Naye anatakiwa awe anatambuliwa na TRA yenyewe. Mtu anayekaa nje ya geti na mkoba, akisema "nawafahamu wote mle ndani", huyo siyo mshauri wa kodi, huyo ni dalali.

Sasa ukishajua kazi ziko nne, swali linakuwa rahisi. Usiulize "ofisi gani nzuri?" Uliza kwanza "mimi nina shida ya kazi ipi?"

SI KILA MTU ANAHITAJI OFISI

Tuseme kweli. Mama muuza maandazi hahitaji kulipa ofisi ya mjini kila mwezi. Anahitaji daftari la mistari mitano: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Akiandika kila jioni kabla ya kulala, amemaliza. Hata sisi tuliojifunzia kusoma katika madarasa ya watu wazima tunaweza kazi hiyo. Kujumlisha na kutoa tulifundishwa, siyo?

Tena daftari hilo linamlipa. Sheria ya kodi inawatenganisha wafanyabiashara wadogo wenye kumbukumbu na wasio na kumbukumbu. Chukueni viwango vilivyowekwa mwaka 2019. Mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 4,000,000 hakutozwa kodi hiyo ya mapato. Aliyeuza kati ya 4,000,000 na 7,000,000 bila kumbukumbu alitozwa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000.

Tupige hesabu pamoja. Mama kauza shilingi 5,000,000 kwa mwaka. Kilichozidi ni 1,000,000. Asilimia 3 yake ni shilingi 30,000. Bila daftari angelipa 100,000. Tofauti ni shilingi 70,000, na daftari lenyewe bei yake mnaijua. Viwango hubadilika bajeti ikipita, kwa hiyo ulizeni vya mwaka huu katika ofisi ya TRA. Kuuliza hakuna malipo. Kukadiriwa kodi pale ofisini pia hakuna malipo. Akitokea mtu kukwambia toa kitu kidogo nikukadirie, mjue amekuja kuchuma.

Mwenye duka kubwa kidogo, mwenye mashine mbili, mwenye kununua mahindi kwa lori, huyo ndiye aanze kufikiri mhasibu. Si lazima aajiri wa kila siku. Anaweza kuwa na mtunza vitabu wake, halafu mhasibu akaja mara moja kwa miezi mitatu kupanga na kusahihisha. Mkisha kuwa kampuni, au mkitaka mkopo wa maana benki, hapo hesabu zilizokaguliwa hazikwepeki. Benki haikopeshi sura ya mtu.

Na chama cha ushirika hakina hiari katika jambo hili. Sheria ya Vyama vya Ushirika namba 6 ya mwaka 2013 inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka. Kwa hiyo wanaosema daftari la mweka hazina linatosha, tunawaheshimu, lakini halitoshi.

MAMBO SABA YA KUMPIMIA

Haya sasa. Umeshajua unahitaji mhasibu au ofisi ya wahasibu. Wamekuja watatu, kila mmoja anajisifu. Tuwapime hivi.

La kwanza, uandikishwaji. Muulize jina kamili na namba yake ya uandikishwaji wa NBAA. Usiishie hapo. Bodi ina orodha ya wanachama wake na ofisi zilizoruhusiwa, na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kukusaidia kuitafuta. Mtu halali hakasiriki ukimwuliza hivyo. Anayekasirika, mwache aondoke na hasira zake.

La pili, nani hasa atafanya kazi. Ofisi nyingine anakuja bosi mwenye tai siku ya kuomba kazi, halafu anamtuma kijana wa mazoezi ambaye hajawahi kuona stakabadhi ya ghala. Vijana wajifunze, hatukatai. Lakini bosi aseme mapema nani anakuja, na nani anaangalia kazi yake kabla ya kutia sahihi.

La tatu, anaijua biashara yetu? Hesabu za duka la simu siyo hesabu za mazao. Kwetu mazao yanaingia kwa msimu, yanapimwa, yanapungua uzito yakikauka, yanakaa ghalani kwa stakabadhi, malipo yanakuja baada ya mnada, makato yanakatwa kabla mkulima hajaona hela. Mwulize: gunia likipungua kilo mbili kwa kukauka, wewe unaandikaje? Akibabaika, mjue atajifunzia kwetu, tena kwa hela yetu. Mwombe majina ya wateja wawili wenye kazi kama yetu, halafu nendeni mkawaulize wenyewe.

La nne, bei na maandishi. Msikubaliane kwa mdomo. Iandikwe: kazi ipi, inaisha lini, bei shilingi ngapi, nauli ndani au nje, na ikiwa ritani itachelewa kwa uzembe wake, faini analipa nani. Ofisi ya bei ya chini siyo lazima iwe mbaya, na ya bei kubwa siyo lazima iwe bora. Lakini jihadharini na anayesema "nilipe asilimia ya kodi nitakayokupunguzia". Huyo mshahara wake unatokana na kuficha, atafanyaje asifiche?

La tano, vitabu na neno la siri ni mali yako. Jambo hili limeumiza watu. Kuna mwenzetu mmoja wa mashine ya kusaga, jina tunalihifadhi, aliiachia ofisi fulani kila kitu: risiti, namba ya mlipakodi, na neno la siri la kuingilia kwenye mtandao wa kodi. Walipokosana kwa bei, ofisi ikakalia makaratasi. Msimu mzima jamaa anazunguka kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, hajui ametangaziwa mauzo kiasi gani kwa jina lake. Sasa shikeni hili: mpe mhasibu nakala, vitabu vibaki kwako. Kila ritani inayopelekwa, upate nakala yake siku hiyo hiyo. Na ukiachana na mhasibu, badilisha neno la siri kabla hajafika kwake.

La sita, kodi usimpe mkononi. Malipo ya Serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo. Unaipata, unalipa mwenyewe benki au kwa simu, risiti inarudi kwako. Mhasibu anayesema "nipe tu taslimu nitakulipia", hata kama ni shemeji yako, mwambie asante. Na yeye mwenyewe ukimlipa akupe risiti ya EFD. Haiwezekani mtu akufundishe kutoa risiti na yeye hatoi.

La saba, anaeleza ukaelewa? Hili ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mhasibu anayejua kazi atakwambia kwa Kiswahili cha kawaida: hapa umepata, hapa umevuja, hapa unadaiwa. Anayejificha nyuma ya maneno magumu, ama hajui, ama hataki ujue. Mjaribuni kabla ya kumpa kazi. Mpeni ukurasa mmoja wa hesabu za mwaka uliopita, awaeleze wazee watatu na mama wawili. Wakielewa, amefaulu. Wasipoelewa, aliyefeli ni yeye, siyo wao.

MPISHI ASIWE MWONJAJI

Sasa tuje kwenye chama. Wako waliopendekeza ofisi moja ifanye yote: itunze vitabu, iandae hesabu, halafu iwe ndiyo inakagua. Wanasema itakuwa nafuu. Ubao huu unasema hapana, na tunasema kwa sauti.

Mtu hawezi kujikagua. Ndiyo ile ya kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Na msidhani ni mambo ya hapa kwetu tu. Marekani kulikuwa na ofisi kubwa ya wahasibu inaitwa Arthur Andersen, mojawapo ya tano zilizokuwa kubwa kuliko zote duniani. Ilikuwa inakagua kampuni ya nishati ya Enron, na papo hapo inalipwa na Enron hiyo hiyo kwa kazi za ushauri. Mwaka 2000 peke yake ilipata dola milioni 25 za ukaguzi na dola milioni 27 za kazi nyingine. Nani atamfokea mtu anayempa hela zote hizo? Desemba 2001 Enron ilifilisika, ikabainika madeni yalikuwa yamefichwa. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi na akiba za uzeeni. Mwaka 2002 Andersen ilitiwa hatiani kwa sababu ya makaratasi yaliyoharibiwa, ikaacha kazi ya ukaguzi. Mwaka 2005 mahakama kuu ya nchi ile iliifuta hukumu hiyo, lakini ofisi ilikuwa imekwisha kufa. Jina kubwa halikumlinda mtu.

Kwa hiyo chama kiwe na mtunza vitabu wake au mhasibu wake, na mkaguzi awe mwingine kabisa anayekubalika kisheria. Asiwe ndugu wa mwenyekiti, asiwe mkwe wa mweka hazina, asiwe anadaiwa na chama. Tukisema hivyo hatumtuhumu mtu. Uzio unajengwa kabla mbuzi hajaingia shambani.

Na yule kijana wetu aliyemaliza chuo? Tusimtupe. Kama ana sifa, aombe kazi ya kutunza vitabu kama wengine, apimwe kwa mambo saba yale yale. Akishinda, apewe, tena tutafurahi. Lakini asipewe kwa sababu tu tulicheza na baba yake mpira.

NA SISI TUNA WAJIBU

Mhasibu mzuri kuliko wote hawezi kutengeneza hesabu kutoka hewani. Ukimpelekea risiti zimelowa kwenye mfuko wa rambo, nusu zimeliwa na panya, atakulipisha siku za kuzichambua, na ana haki. Ukimficha deni, hesabu zako zitakuwa za uongo na jina ni lako. Mficha uchi hazai. Hela ya duka na hela ya nyumbani zikae mbali: ukichukua sukari dukani kwako, iandike. Ukichukua hela ya ada ya mtoto kwenye droo, iandike. Mkubwa haibi dukani kwake, lakini anaweza kulifilisi.

Na siku mkaguzi anasoma taarifa mkutanoni, tusiwe tunasinzia tukingoja posho na soda. Hati za ukaguzi ziko aina nne, tuzijue. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zinaaminika. Hati yenye shaka maana yake kuna mahali pana kasoro, tuulize ni wapi. Hati isiyoridhisha maana yake hesabu kwa jumla hazionyeshi ukweli. Na ya nne ni pale mkaguzi anaposema ameshindwa kutoa maoni, kwa mfano vitabu hakuviona. Hii ya nne watu huichukulia kama ajali. Siyo ajali. Vitabu havina miguu.

Lakini tena, hati inayoridhisha haina maana kwamba chama kinapata faida. Chama kinaweza kuwa na hesabu safi kabisa zinazoonyesha hasara safi kabisa. Kwa hiyo ukisikia "tumepata hati nzuri", usipige makofi kwanza. Uliza: faida ni kiasi gani, madeni ni kiasi gani, na nani anatudai?

TUNAVYOSHAURI

Kabla ya siku ya mkutano, kamati ipokee maombi ya maandishi kutoka ofisi zisizopungua tatu. Majina na bei zibandikwe hapa ubaoni siku saba kabla, kila mtu asome, asiyeweza kusoma asomewe. Wanachama wawili, mmoja mwanamke, waende kuwauliza wateja wa ofisi hizo na kuhakikisha uandikishwaji. Kisha mkutano mkuu uamue, siyo watu wanne kwenye kochi la mtu. Mkataba uwe wa mwaka mmoja, tuone kazi kwanza.

Wenye biashara ndogo ambao hamjui mwanzo uko wapi, nendeni kwa afisa ushirika au afisa biashara wa Manispaa, au SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo hufundisha pia uendeshaji wa biashara. Nendeni na daftari mkononi. Anayekwenda bila daftari ataulizwa maswali ambayo majibu yake yako kwenye daftari.

Ndugu zangu, wenye mashaka waje mkutanoni waseme. Wenye uhakika nao waje waseme. Anayenyamaza mkutanoni halafu anasema kilabuni, hatusaidii. Jambo hili tukiliamua vizuri, msimu ujao mkulima akiuliza "ufuta wangu umekwenda wapi?" atajibiwa kwa karatasi, siyo kwa hadithi.

Wenu katika kazi,

Katibu,
Mfaranyaki